Si Penzi Lililowaua

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu hadithi ndefu za kishujaa za kubuni, zile zenye majoka, panga zenye majina na falme zisizoonekana kwenye ramani yoyote. Vijana wetu wanazisoma na kuzitazama, na wanawalilia watu ambao hawakuwahi kuzaliwa. Nina swali moja la kuwauliza. Kwa nini shujaa kijana, mwenye nguvu na ujasiri, anayependwa na watu wake, aishie kuangamia mara tu mapenzi yanapoingia katika maisha yake? Jibu la haraka tunalijua sote, kwamba mapenzi ni upofu. Nitajaribu kuwaonyesha kwamba jibu hilo halitoshi. Katika hadithi zilizo bora kabisa za aina hii, penzi silo linaloua. Linaloua ni shauri kubwa linalokatwa wakati wa msiba, na mtu aliye peke yake, ili auzime uchungu au aifute aibu. Naomba mlishike hilo, maana nitalirudia: shauri la wakati wa msiba, linalokatwa peke yako.

Tuanze na Túrin mwana wa Húrin, shujaa aliyebuniwa na J.R.R. Tolkien, profesa wa Oxford huko Uingereza. Mwaka 1914, Tolkien akiwa bado mwanafunzi, alivutiwa na kisa cha Kullervo kilichomo katika Kalevala, utenzi mkuu wa Wafini ambao Elias Lönnrot aliutunga kutokana na nyimbo za wenyeji na kuutoa mara ya kwanza mwaka 1835. Kullervo ni kijana aliyekulia katika utumwa, akalala na msichana bila kujua kwamba ni dada yake. Msichana alipojua akajitosa mtoni, na baadaye kijana naye akajiua kwa upanga wake. Tolkien alianza kukiandika upya kisa hicho, hakukimaliza, lakini ndicho kilichomzaa Túrin, na Túrin akabaki naye karibu maisha yake yote. Tolkien alifariki mwaka 1973. Kisa cha Túrin kilitoka kikiwa kitabu kamili, kinachojitegemea, mwaka 2007, baada ya mwanawe Christopher kuziunganisha nakala nyingi alizoziacha baba yake.

Sikilizeni kisa chenyewe, kwa ufupi. Húrin anatekwa vitani na Morgoth, adui mkuu wa watu wote. Anakataa kumtolea siri, na Morgoth analaani kizazi chake na kumketisha mahali pa juu ili aone kila kitakachowapata watoto wake. Túrin, akiwa bado mtoto, anapelekwa kulelewa na mfalme wa Elfi, jamii isiyokufa kwa uzee. Anakua, anakuwa mpiganaji hodari. Siku moja mtu wa baraza la mfalme anawatukana wanawake wa kwao, na Túrin anampiga usoni kwa chombo cha kunywea. Kesho yake mtu yule anamvizia. Túrin anamshinda na kumkimbiza msituni, na yule bwana, akiruka genge, anaanguka na kufa. Sasa Túrin anafanya nini? Hasubiri hukumu. Anaamini kwamba ameshahukumiwa, anakimbia na kujiunga na wanyang'anyi. Nyuma yake mfalme anasikiliza ushahidi, anamsamehe, na rafiki yake Beleg anatumwa kumtafuta. Anampata. Anamwambia rudi nyumbani, umesamehewa. Túrin anakataa, kwa sababu kupokea msamaha kungekuwa kukubali kwamba aliwahi kuhitaji kusamehewa.

Hapo hakuna mapenzi ya mwanamume na mwanamke hata kidogo, na bado njia nzima ya maangamizi imekwisha kuchorwa. Yanayofuata ni marudio. Beleg anakuja kumwokoa kutoka mikononi mwa maadui. Anapomkata kamba gizani upanga unamchoma mguu, Túrin anazinduka na kumuua akidhani ni adui. Baadaye anafika Nargothrond, ufalme uliofichwa chini ya ardhi, na anapanda cheo hadi neno lake linashinda neno la mfalme. Anawashawishi watoke vitani waziwazi na wajenge daraja kubwa mbele ya mlango wao. Wajumbe wanakuja kutoka kwa Ulmo, bwana wa maji yote, wakisema daraja livunjwe. Anawadharau. Kisha joka Glaurung anakuja na kupita juu ya daraja lile lile.

Na ni hapo Nargothrond ndipo mapenzi yanapoingia. Finduilas, binti wa mfalme, alikuwa ameahidiwa Gwindor, lakini moyo wake unamwelekea Túrin. Túrin haoni, au hataki kuona. Gwindor, anapokata roho siku ya vita, anamsihi amwokoe binti yule, maana ndiye pekee aliyesimama kati yake na maangamizi yake. Wasikilizaji, fikirieni ukubwa wa maneno hayo yakitoka kwa mwanamume aliyenyang'anywa mchumba. Túrin anafika darajani, lakini joka linamshika kwa macho yake hata hawezi kujongea, na mateka wanapitishwa mbele yake huku Finduilas akimwita. Joka linapomwachia linamwambia kwamba mama yake na dada yake wanateseka kwao Dor-lómin. Ni uongo. Wamekwisha ondoka kule, wako salama kwa mfalme wa Elfi. Túrin anaacha njia waliyopitishwa mateka, anakimbilia kwao, anakuta nyumba tupu. Anaporudi kumtafuta Finduilas anaambiwa ameuawa msituni Brethil. Juu ya kaburi la Finduilas ndipo baadaye anapomkuta msichana aliyepoteza kumbukumbu zote, asiyejua hata jina lake. Anampa jina Níniel. Msichana yule ni Nienor, dada yake, ambaye hawajawahi kuonana, na aliyemfuta kumbukumbu ni joka lile lile.

Ningependa tusimame hapa, maana hapa ndipo hoja yetu ilipo. Je, Túrin anampenda Níniel? Anampenda kweli, na Tolkien hatuachii shaka. Lakini hebu tazameni mahali penzi hilo lilipoanzia. Lilianzia juu ya kaburi la mwanamke aliyemwacha. Hapo Brethil pana kijiji, na kiongozi wake ni Brandir, kilema wa mguu na mganga mwenye hekima, ambaye naye anampenda Níniel. Brandir anahisi kivuli asichoweza kukieleza. Anamwomba msichana asifanye haraka, na anamfunulia kwamba mtu anayejiita Turambar, yaani mwenye kuyatawala majaliwa yake, kwa hakika ni Túrin mwana wa Húrin. Níniel anasita, uchumba unacheleweshwa. Kisha Túrin anarudi na shuruti: ama wafunge ndoa sasa, ama yeye arudi vitani. Hapo hakuna aliyekaa chini kuuliza binti huyu ametoka wapi, jamaa zake ni nani, ni nani anayemlilia. Wala Túrin hasemi kwa kinywa chake historia yake yote, kwa sababu amejiapiza kuizika. Jina jipya, mke mpya, maisha mapya. Ndoa imekuwa dawa ya msiba, na dawa iliyonywewa bila kujua ugonjwa ni nini. Mwisho wake mnaukisia. Túrin analiua joka, joka kabla ya kufa linamrudishia Nienor kumbukumbu, na Nienor, akiwa mjamzito, anajitupa mtoni. Brandir anauleta ukweli, na Túrin anamuua kwa hasira. Ukweli unapothibitishwa na rafiki wa zamani aliyekuja kumtafuta kwa mapenzi, Túrin anajiua.

Hesabuni waliompa shauri jema. Beleg, Gwindor, Brandir. Wawili kati yao walikufa kwa mkono wa Túrin mwenyewe.

Sasa tuhamie kwa mwandishi mwingine, Mmarekani George R.R. Martin, ambaye mfululizo wake wa riwaya ulianza kutoka mwaka 1996. Humo tunakutana na Robb Stark, kijana wa Kaskazini ambaye baba yake anauawa na wanajeshi wake wanamsimika mfalme akiwa hajafika hata miaka 16. Ili apate kuvuka mto na jeshi lake, Robb anaahidi kwamba ataoa binti wa Walder Frey, mzee mwenye ngome ya mahali pa kuvukia. Katika kitabu cha tatu, kilichotoka mwaka 2000, Robb anajeruhiwa akiteka ngome ya wapinzani. Binti wa ngome ile, Jeyne Westerling, anamuuguza. Akiwa bado kitandani zinamfikia habari kwamba wadogo zake wawili, Bran na Rickon, wameuawa. Usiku ule Jeyne anamliwaza, wanalala pamoja, na kesho yake Robb anamwoa. Kwa nini anamwoa? Ili kuilinda heshima ya binti. Ahadi kwa Frey imevunjika, askari wa Frey wanaondoka, na baadaye, katika karamu ya harusi ya mjomba wake, Robb anauawa pamoja na watu wake.

Mmeona? Robb na Túrin ni watu wawili wasiofanana. Mmoja ni mpole wa moyo na mtiifu kwa wajibu, mwingine ni mkali asiyeambilika. Lakini mtego ni ule ule. Robb alikata shauri la maisha yake akiwa na jeraha, akiwa na msiba, mbali na mama yake na washauri wake. Na kama ilivyokuwa kwa Túrin, habari iliyomvunja ilikuwa ya uongo. Bran na Rickon walikuwa hai. Msomaji anajua hivyo, na ndiyo sababu kurasa zile zinamuuma. Laiti angengoja mwezi mmoja! Waandishi hawa wawili, waliotengana kwa miongo mingi na wenye mitazamo tofauti kabisa juu ya dunia, wamekutana kwenye jambo hili: adui mwerevu hahitaji kumshinda kijana kwa nguvu, inatosha amfikishie habari mbaya akiwa peke yake.

Waliotayarisha mfululizo wa televisheni uliotokana na riwaya hizo walikibadili kisa hiki. Badala ya Jeyne walimweka Talisa, mganga wa majeruhi kutoka nchi ya mbali. Penzi linakua polepole, kwa mazungumzo na utani, na mwaka 2013 watazamaji wengi walimwona akichomwa visu akiwa mjamzito katika harusi ile. Inaumiza kutazama, sikatai. Lakini kwa maoni yangu kitu kikubwa kimepotea. Robb wa televisheni anavunja ahadi kwa sababu anapenda. Robb wa kitabuni anavunja ahadi kwa sababu anataka kuwa mwema, na wema wake mmoja unaukanyaga wema wake mwingine. Wa kwanza tunamhurumia haraka. Wa pili anatulazimisha tujiulize sisi tungefanya nini, na swali hilo halina jibu rahisi hata kwa mtu mzima.

Najua kuna wasikilizaji wanaosema, ngoja kwanza, unamlaumu Túrin bure. Amelaaniwa. Morgoth amemlaani, joka limemdanganya, angefanya nini? Ni hoja nzito, na ndiyo hoja ya Túrin mwenyewe. Anajipa majina mapya kila anakokwenda ili laana isimpate, hata anamkasirikia Gwindor kwa kumfichua kwa Finduilas. Gwindor anamjibu kwamba tatizo limo ndani yake, haliko katika jina. Na Tolkien ametuachia kipimo kizuri, kwa maana katika ulimwengu ule ule, na adui yule yule, ameweka kisa kingine cha mapenzi, cha Beren na Lúthien. Beren naye ni kijana aliyepoteza kila kitu, anawindwa, na anatoa ahadi ya kichaa, kwamba atachomoa kito kwenye taji la Morgoth ili apewe binti wa mfalme. Anajaribu kumwacha Lúthien akiwa amelala ili afe peke yake. Kwa nini basi kisa chao hakiishi kama cha Túrin? Kwa sababu Lúthien anakataa kuachwa. Anamfuata. Na mbwa Huan, aliyejaliwa kusema mara tatu tu maishani mwake, anatumia mojawapo kumwambia Beren kwamba hawezi tena kumwepusha mwanamke huyu na kifo, kwa hiyo waende pamoja. Beren anasikia! Mtu anayekwenda kufa, anasikia la mbwa. Hatari ni ile ile, majonzi ni yale yale, ila katika kisa kimoja watu wawili wanajua kila kitu kuhusu wenzao na wanakata shauri pamoja, na katika kingine hakuna anayejua chochote. Tolkien aliwapenda sana Beren na Lúthien, hata majina yao yameandikwa kwenye kaburi lake na mkewe Edith huko Oxford.

Wengine watasema basi ni yale yale ya siku zote, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, vijana hawasikii. Hapa nitawapinga kwa nguvu zaidi, maana hadithi hizi haziwaachi wazee wakae pembeni na mikono misafi. Túrin alijifunzia wapi kukataa hisani? Kwa mama yake, Morwen, aliyemtuma mtoto kwa mfalme wa Elfi bila yeye kwenda, kisha akaalikwa mara nyingi akakawia, kwa sababu hakutaka kuwa mgeni wa kula cha watu. Mama yake Robb, Catelyn, naye amemwachilia mfungwa mkubwa kuliko wote, kwa siri, akitumaini kuwarudisha binti zake. Aliposimama mbele ya kijana wake alikuwa na udhuru uleule aliokuwa nao kijana mwenyewe: nilifanya kwa mapenzi, nilikuwa na msiba. Na sisi wa pwani hatuhitaji kwenda mbali. Katika utenzi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, ni watu wazima wa jumba la mfalme wanaomrubuni mtoto wa Liyongo kwa ahadi ya kuozwa binti wa mfalme, ili amchome baba yake sindano ya shaba kitovuni. Kijana anatenda, na hafaidi ndoa ile. Ndoa ilikuwa chambo, na waliotia chambo walikuwa na mvi. Kwa hiyo kijana asiyesikia yupo, kweli. Lakini yupo pia kijana ambaye hakuwahi kumwona mkubwa yeyote akikiri mbele yake kwamba anaogopa, au amekosea, au anahitaji msaada. Huyo atajifunza kwamba ushujaa ni kunyamaza.

Linabaki pingamizi ambalo wazazi wengi wanalo, na nalichukulia kwa uzito mkubwa. Wanasema hadithi hizi zinawafanya vijana waone kujiua ni jambo la kupendeza. Hadithi yoyote inayokipamba kifo cha kijana nami siipendi. Lakini tuulize, Tolkien amekipamba? Nienor anapojitupa mtoni hakuna anayesifu. Yupo Brandir aliyemkimbilia kwa mguu wake mbovu akachelewa. Wapo wenyeji waliomwogopea. Túrin anapokufa, rafiki wa zamani Mablung anabaki na majuto kwamba habari alizozileta kwa nia njema ndizo zilizokamilisha kazi. Kisha Húrin anaachiliwa, mzee aliyelazimishwa kuona yote, anamkuta Morwen kaburini kwa watoto wao, naye Morwen anafariki jioni ile. Tolkien anatufuatisha kifo kimoja hadi kwa kila mtu kilichomgusa, na katika kila kituo anatuonyesha mtu aliyekuwa njiani akija kusaidia. Kijana anayesoma hivyo hafundishwi kwamba kifo ni kitamu. Anaonyeshwa kwamba mlango haukuwa umefungwa, ila aliyekuwa ndani hakujua. Heri mzazi asome kisa hicho pamoja na mwanawe kuliko kukificha.

Kabla muda wetu haujaisha, nataka niseme neno juu ya wanawake wa visa hivi, kwa kuwa mazoea yetu ni kumtazama shujaa na kumsahau aliye ubavuni mwake. Finduilas alipenda mtu ambaye hakumwambia jina lake. Nienor aliolewa bila kuwa na kumbukumbu ya kukubali au kukataa kwayo. Jeyne Westerling alikuwa binti mdogo aliyemliwaza kijana aliyefiwa, akaamka siku ya pili kuwa malkia na sababu ya vita kushindwa. Na Jeyne, tofauti na Talisa wa televisheni, hakuwepo kwenye karamu ile ya mauaji. Anabaki hai. Katika kitabu cha nne, cha mwaka 2005, tunamkuta mjane, amerarua nguo zake kwa maombolezo, na tunajifunza kwamba mama yake mzazi alikuwa akimnywesha dawa kwa siri asipate mimba, kwa makubaliano na maadui wa mume wake. Mama yule alikuwa akijua mambo ambayo binti hakuyajua, na mkwewe pia hakuyajua. Robb alidhani anailinda heshima ya Jeyne. Katika kurasa zote zile hatuoni popote akiketi naye kumweleza ahadi aliyompa Frey, na gharama yake, na kumuuliza yeye anaonaje.